Betri Iliyokuja na Gari, na Ile Iliyoirithi

Gari langu lilitoka kiwandani likiwa na betri ya volti 12 ya aina ya EFB, yaani betri ya maji iliyoimarishwa kwa ajili ya magari yanayojizima yenyewe kwenye foleni na kujiwasha dereva anapoachia breki. Ilinitumikia miaka mitano na mwezi mmoja, na ninaiandikia tathmini hii baada ya kushuhudia mrithi wake akishindwa kumaliza hata mwaka.

Husemwa mara nyingi kwamba viwanda hufunga betri hafifu ili kubana gharama. Kwa gari langu, madai hayo hayakuthibitika. Lebo yake ilionyesha ampea-saa 60 (kiasi cha umeme inachohifadhi) na ampea 560 za kuwashia, kiasi ambacho si kikubwa, lakini kililingana na injini na alternata, yaani jenereta ya gari, iliyoichaji. Kwa miaka minne, kila nilipoipima asubuhi baada ya gari kulala, mita ilisoma volti 12.6 au pungufu kidogo, jambo linaloashiria betri iliyojaa.

Dalili ya kwanza ya uchovu haikutoka kwenye starta, yaani mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha. Mfumo wa kujizima kwenye foleni uliacha kufanya kazi, nami nikaupuuza nikidhani ni hitilafu ya kompyuta, kumbe gari lilikuwa limekwisha kutambua kwamba betri haina akiba ya kutosha kuliwasha tena. Miezi michache baadaye, starta iliyozoea kuitika mara moja ilianza kujikokota, na nilipoipima betri wakati wa kuwasha, volti zilianguka hadi 8.9, ilhali betri nzima iliyojaa haitarajiwi kushuka chini ya 9.6 hata injini ikiwa nzito. Sikuilaumu betri. Safari zangu nyingi ni za dakika kumi, muda ambao huenda alternata isiweze kurudisha chote kilicholiwa na starta, na betri inayokaa nusu tupu huota salfeti ngumu, inayopunguza uwezo wake, kwenye bamba zake za risasi. Ukiongeza joto la chini ya boneti, miaka mitano ni umri wa heshima.

Ubadilishaji ndio ulionikera. Fundi alinifungia betri ya maji ya kawaida, akinionyesha kwa fahari kwamba ampea zake ni nyingi kuliko za ile ya zamani. Alianza kwa kufungua kichwa cha chanya huku cha hasi kikiwa bado kimefungwa, spana ikagusa bodi ya gari na kurusha cheche, mahali ambapo huenda kuna gesi ya haidrojeni. Kanuni ni kuanza na hasi wakati wa kufungua na kumalizia na hasi wakati wa kufunga. Kisha aliuacha mkanda wa kuishikilia betri bila nati moja, na mimi, kwa uvivu wa kutosoma, sikuona kwamba tarehe iliyogongwa ubavuni ilionyesha betri hiyo imekaa rafuni zaidi ya mwaka. Ilikufa katika mwezi wake wa 11 garini. Betri ya kawaida haikuundwa kwa gari linalowashwa mara ishirini katika safari moja, hata lebo yake ijigambe vipi.

Betri ya tatu nilichagua mwenyewe: EFB, vipimo vilevile vya kasha, chanya upande uleule, tarehe ya miezi miwili nyuma. Safari hii, kwenye karakana nyingine, waliisajili pia katika kompyuta ya gari, hatua ambayo baadhi ya magari huihitaji ili mfumo wa kuchaji usiendelee kuihudumia betri mpya kana kwamba ni ile kongwe. Siku ya pili mfumo wa kujizima ulirejea kazini. Lawama yangu pekee kwa kiwanda ni kwamba kuifikia betri kunalazimu kung'oa kwanza kasha la chujio la hewa, na kimojawapo cha vibanio vyake vya plastiki tayari kimevunjika.