Q Acoustics 3020i kwenye sebule ya vigae: uzoefu wangu

Spika hizi siziuzi. Nasema mapema kwa sababu mtu akisoma nilivyozilalamikia wiki za mwanzo atadhani natafuta mteja.

Ni Q Acoustics 3020i, spika za kampuni ya Uingereza zilizotoka 2018. Kila boksi lina wufa (ya nota nzito) ya milimita 125 na twita (ya nota nyembamba) ya milimita 22, uzito wa kilo tano na nusu. Si kubwa. Mpwa wangu alipozikuta nyumbani mara ya kwanza alichungulia nyuma ya kochi, akainama chini ya meza, kisha akauliza, "Anko, sabwufa iko wapi?" Nikamwambia hakuna. Akanionea huruma waziwazi.

Simlaumu. Sisi watu wa Nairobi masikio yetu yamelelewa na matatu. Ukipanda zile za kwenda mtaa wa Rongai kila jioni, besi kwako si ya kusikia tena, ni ya kukusukuma mgongoni kupitia kiti. Ukitoka huko ukaketi mbele ya spika zinazoshuka hadi hezi 64 hivi (mitetemo 64 kwa sekunde; ikipungua, nota ni nzito zaidi) kisha zikafifia, unaona umepunjwa. Uzi mzito kabisa wa gitaa la besi unaanzia hezi 41, kwa hiyo kuna kitu ambacho kweli hakipo, na hakitakuja. Anayetaka kifua kitetemeke atafute spika nyingine, wala asidanganywe na wati za kwenye katoni. Kule Luthuli, mtaa wa maduka ya redio mjini, utakuta kiredio cha mezani kimeandikwa maelfu ya wati za PMPO, hesabu ya kutia chumvi tu. Hizi zangu zinahitaji amplifaya ya wati 25 hadi 75 tu, na sijawahi kuongeza sauti ikafika hata nusu.

Kilichonitesa zaidi lakini hakikuwa besi kupungua, bali besi kuzidi mahali pamoja. Naishi kwenye fleti kama za wengi: vigae chini, kuta za mawe zilizopigwa plasta, dirisha pana lenye pazia jepesi. Ukipiga kofi moja unasikia chumba kizima kikikujibu. Sasa weka benga. Gitaa la besi linatembea vizuri, nota baada ya nota, halafu ghafla moja inavimba kama chapati kwenye kikaango, inamfunika mwimbaji, na inayofuata inarudi kawaida. Kila wimbo ni nota ile ile. Nikachukua tepu nikapima: kutoka ukuta wa spika hadi ukuta wa kochi ni mita tatu na nusu. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 98 lina urefu wa mita tatu na nusu vilevile. Linatoshea chumbani kikamilifu, linagonga ukuta na kurudi juu yake lenyewe, likizidi nguvu. Na hezi 98 ndiyo G, nota ya uzi mwembamba wa gitaa la besi ukipigwa wazi. Spika hazikuwa na kosa. Kochi ndilo lililokuwa limegusa ukuta, pale ambapo wimbi hilo huwa na nguvu zaidi.

Nikalivuta mbele kama nusu mita. Mama watoto akauliza kama tunahama. Spika nazo nikazisogeza mbali na ukuta, maana tundu lao la hewa liko nyuma, na iliyo karibu na kona nikaiziba kwa kizibo cha sponji kinachokuja nazo. Likaingia zulia zito. Stendi nilichomelewa na mafundi wa chuma wa Kamukunji kwa vyuma vya mraba, nikavijaza mchanga mkavu, nikahakikisha twita inalingana na sikio langu nikiwa nimeketi. Chini ya misumari ya miguu ya stendi nimeweka sarafu, vigae visichubuke. Zulia peke yake lilibadilisha mengi kuliko waya wowote wa bei mbaya ambao muuzaji angenishawishi ninunue.

Hapo ndipo nilipoanza kuzisikia. Rumba ya zamani ina magitaa yanayosukana, na kwenye redio yangu ya awali yalikuwa fungu moja tu. Sasa gitaa la ridhimu linakuna upande wake, la mi-solo, lile la kati, linajibu, na sebene, sehemu ya kucheza, ikifunguka solo linapanda juu yao wote, nami naweza kumfuata mpigaji mmoja hadi mwisho bila kumpoteza. Kupima mpangilio natumia benga ya mono, yaani iliyorekodiwa sauti moja kwa spika zote mbili: sauti ya mwimbaji ikikaa katikati kabisa, kwenye ukuta mtupu kati ya maboksi mawili, mambo ni sawa. Ikiegemea upande, kuna mtu amegusa stendi, na kwa kawaida ana miaka minne. Kwenye taarab fidla zikijaa, twita haichomi. Wengine watasema imelala kidogo. Kwa chumba kama changu, mimi nashukuru.

Nyimbo nilizopakua zamani kwa kilobiti 128 kwa sekunde, yaani zilizobanwa sana, hata hivyo, hazisikiliziki tena. Matoazi yamegeuka mchakacho. Nimefuta nyingi.

Kuhusu lile suala la kuziacha zicheze mpaka "zilainike": muuzaji wa duka moja mjini alinisisitizia sana, na kweli nilisikia mabadiliko mwezi ulivyosonga. Lakini Desemba tulienda ushago, spika zikabaki kimya, zimefunikwa leso. Huko tulikuwa na redio ya betri tu. Niliporudi Januari zilikuwa tamu kuliko nilivyoziacha, ilhali hazikuwa zimepiga hata nota moja. Sikatai kwamba mpira unaoshika wufa hulegea kidogo mwanzoni. Ila kilicholainika zaidi ni mimi. Tangu hapo sihukumu chochote jioni nikitoka mjini. Nangoja Jumapili asubuhi, kabla makanisa hayajawasha spika zao.

Stima nayo ikirudi kwa kishindo huua amplifaya kabla ya spika, kwa hiyo wekeni kinga.

Lalamiko langu ambalo halijaisha ni la usiku. Nikipunguza sauti watoto walale, besi ndiyo hutoweka kwanza, rumba inabaki magitaa matupu. Hiyo ni tabia ya sikio la binadamu, sauti ikiwa ndogo halisikii vizuri nota nzito, lakini kwa spika ambazo tangu mwanzo zina besi ya kiasi unaihisi zaidi. Amplifaya yangu ni mtumba, na ina kitufe cha kurudisha besi kwa sauti ya chini. Usiku nakibonyeza, asubuhi nakitoa. Ukienda kununua amplifaya ya kuzipigia hizi, angalia kama inacho, maana si zote.