Gremlins: mama, biskuti za Krismasi na majini jikoni

Oya familia mko poa, karibuni tena kwenye chaneli, leo narekodia huku Nkuhungu chumbani kwangu na hiyo kelele mnayosikia ni mvua inagonga bati, Dodoma tumeisubiri wee halafu imeona ije saa hii nimeshawasha kamera, sizimi, mtanivumilia.

Leo ni muvi, Gremlins ya 1984, kaongoza Joe Dante, kaandika Chris Columbus, na Steven Spielberg yumo kwa waliosimamia mzigo. Stori siipigi yote, kuna kale kanyama Gizmo kana masharti yake 3, kasiguswe na maji, kasipigwe na mwanga mkali, wala kasile baada ya saa sita usiku, yote yanavunjwa, yanazaliwa majini madogo yanaharibu mji mzima mkesha wa Krismasi, basi twende. Mimi kilichonikalisha hapa ni kipande cha jikoni, na leo nitakionyesha mpaka mchoke.

Hapa mezani nina blenda ya mama, nimeichukua hajui. Kwenye muvi ni mashine ya kukorogea unga ila mtanielewa. Mama wa Billy, yule kijana anayefuga Gizmo, yuko peke yake nyumbani, katengeneza biskuti za Krismasi, mara santuri inaanza kupiga wimbo wa Krismasi na yeye hajaiwasha. Anaingia jikoni na kisu. Anakuta jini limeinamisha kichwa kwenye mashine linalamba unga wake, linasikilizia utamu kabisa, na huyu mama hapigi kelele wala hakimbii, ananyoosha mkono anawasha. Vuuuuu! (samahani kwa mnaotumia hedifoni.) La pili linamrushia sahani, anashika sinia kama ngao anasogea nalo taratibuuu, kisu. La tatu analipulizia dawa ya wadudu mpaka linaingia lenyewe kwenye maikrowevu, anafunga mlango, anawasha, na hapo kama unakula acha kwanza.

Sasa angalia hii kitu vizuri. Vifaa vyote alivyoulia ndo vilevile alivyokuwa anapikia sikukuu! Na anapotoka sebuleni akidhani kamaliza, la nne linamrukia kutoka kwenye mti wa Krismasi. Mti wenyewe! Ndo maana unacheka huku umekunja miguu, kwa sababu unamjua huyo mama, ni mama yeyote wa hapa tarehe 24 usiku, pilau jikoni, kuku wanasubiri, watoto wanazurura, na mtu akigusa sufuria lake kabla ya muda atajuta. Muvi nyingi za kutisha za Krismasi zinamvika muuaji kofia nyekundu basi wanadhani wamemaliza kazi. Weka kofia ya njano itakuwa muvi ileile tu.

Krampus ya 2015 angalau ilielewa, ina lile dude la pembe la hadithi za Austria huko, na kuna vibiskuti vya tangawizi vinapiga watu misumari, hapo nilikufa mbavu. Violent Night ya 2022 nayo Santa anashika nyundo, tamu, ila ile kwangu ni ekisheni, mniambie kwenye komenti kama mnabisha.

Kingine, Gizmo ni mdoli wa mashine, siyo kompyuta, na ulikuwa unaharibikaharibika kiasi kwamba waliomtengeneza walimchoka, ndo kikatoka kile kipande majini yanamtundika ukutani yanamrushia vishale, yaani ni mafundi wanalipiza kisasi. Na theluji yote mnayoiona ni feki, walishutia kwenye studio ya Universal kule California, halafu muvi ikatoka Juni! Muvi ya Krismasi, tarehe 8 Juni, siku moja na Ghostbusters. Wazazi Marekani walipeleka watoto wakijua ni midoli, wakakutana na maikrowevu, malalamiko yakawa mengi, na hiyo ni mojawapo ya sababu mwaka uleule wakaanzisha daraja la PG-13, lile la kuwaonya wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 13.

Kasoro, nilikuwa nimeandika hapa kwamba stori ya dohani, lile bomba la moshi la juu ya paa ambalo wanasema Santa anapitia, ingekatwa. Kate, yule binti anayependana na Billy, anaeleza kwa nini anachukia Krismasi, baba yake hakurudi mkesha, siku zikapita, nyumba baridi, akaenda kuwasha moto akasikia harufu. Wazimamoto wakamtoa baba kwenye dohani, kavaa nguo za Santa, zawadi mikononi, shingo imevunjika. Studio walitaka kuikata, Dante akagoma. Na mimi jana nilikuwa upande wa studio, kwa sababu kopi niliyorushiwa kwenye flashi, laibrari moja siitaji, 500, ni ya kutafsiriwa, na mtafsiri anacheka juu ya maneno ya binti mwanzo mwisho, sasa wewe mtazamaji utajua saa ngapi kama ucheke au la, wakati utamu wote ni kutojua.

Nikatafuta ya Kiingereza, nikaangalia na mama, nikawa namtafsiria mwenyewe. Kwanza ilibidi nieleze dohani ni nini, maana sisi ni bati tupu hapa, Santa atapita wapi. Jikoni alicheka mpaka akajifuta machozi na khanga. Tulipofika kwa Kate akanyamaza, halafu akaniuliza, "Sasa huyo mjane, Krismasi iliyofuata alipika?"

Kwa hiyo nimefuta kasoro. Jamaa wa laibrari 500 hakurudisha ila kanirushia ile ya pili ya 1990, hiyo Jumamosi kama umeme upo. Mnaoangalia bila kusabskraibu nawaona. Ngoja nirudishe blenda, anaita.