TAHADHARI: Hizo "ankara" za domeini zinazoingia kwenye barua pepe ya biashara, msilipe

Wenye biashara ndogo mlio na tovuti, kaeni chonjo. Kuna barua pepe zinazunguka zenye kichwa kama "ILANI YA MWISHO". Ukifungua unakuta jina la tovuti yako (ndiyo domeini, kama lile linaloishia na .com), jina la biashara yako, tarehe ya kuisha muda wa domeini hiyo na kiasi unachodaiwa. Mtu yeyote angedhani ni ankara.

Sasa shuka nayo mpaka chini kabisa. Kwenye maandishi madogo ya kijivu mara nyingi utakuta wamekiri wenyewe kwamba hiyo si ankara, ni ofa ya "kuisajili" tovuti yako kwenye mitambo ya utafutaji. Ukilipa, muda wa domeini yako hauongezwi hata siku moja. Na wapo wasiouza hata hicho, shida yao ni namba za kadi yako tu. Wanaowindwa ni watu wasio na mhasibu wala fundi wa kompyuta, mtu mmoja anayeuza, anayepeleka mzigo na kulipa bili usiku akiwa hoi. Ni unyama.

Usibabaike kwa kuwa tarehe ni sahihi. Kumbukumbu za usajili wa domeini zilikuwa wazi kwa miaka mingi. Tangu sheria ya Ulaya ya kulinda data ianze kutumika Mei 2018, wasajili wengi (kampuni zinazosajili domeini) huficha jina la mwenye domeini, lakini kwa domeini nyingi tarehe ya kuisha bado mtu yeyote anaiona.

Anayestahili kukudai ni yule uliyemlipa mwanzoni, basi. Kama umemsahau, ingia lookup.icann.org, andika domeini yako, mara nyingi utaona msajili ni nani. Kwa majina kama ya .com na .org, kanuni za ICANN, shirika la kimataifa linalosimamia majina ya domeini, zinamlazimu msajili akukumbushe takriban mwezi mmoja kabla, tena takriban wiki moja kabla, na mara nyingine ndani ya siku 5 baada ya muda kuisha. Jina la .com likishafutwa, mwenyewe bado ana siku 30 za kulikomboa, ingawa gharama hupanda. Kwa hiyo anayekutisha kwamba usipolipa leo jina linapotea kesho, huyo ni tapeli.

Usibofye kiungo chao. Andika mwenyewe anwani ya msajili wako kwenye kivinjari, ingia, utazame kama kweli unadaiwa. Usiwajibu, hata kuwatukana, maana jibu lako linawaambia kwamba anwani inasomwa. Kitufe cha "jiondoe" kitumie kwa matangazo uliyojiandikisha mwenyewe au ya kampuni unayoifahamu. Hawa wengine waweke kwenye spamu. Zima pia picha kujifungua zenyewe, kwa kuwa nyingine hutumika kumjulisha mtumaji kwamba umefungua.

Utapeli huu una ndugu yake aliye hatari zaidi: barua "kutoka kwa msambazaji wako" ikisema akaunti ya benki imebadilika. Hata kama imetoka kwenye anwani yake halisi, inawezekana imedukuliwa. Mpigie kwa namba uliyokuwa nayo siku zote, siyo ile iliyo kwenye barua hiyo, kabla hujatuma chochote.

Kama tayari umelipa, piga simu benki sasa hivi, wazuie kadi na uombe muamala urudishwe. Kama uliandika neno la siri kwenye ukurasa wao, libadilishe kila mahali ulipolitumia, ukianza na barua pepe yenyewe.