Seti ya Arduino ya elfu 90 ya Kariakoo, watu watano na mayai 36

Naona wengi wa mwaka wa pili wanaulizana kama hizi seti za Arduino (bodi ndogo unayoiandikia programu iendeshe taa, mota na sensa) za kwenye boksi la plastiki zinafaa kwa projekti ya grupu au bora mtu anunue kifaa kimoja kimoja, nikasema ngoja niandike maana sisi tumekaa nayo semista nzima na imetutoa jasho. Jibu fupi ni nunueni. Jibu refu ndo hili hapa na lina kuku ndani yake.

Tulikuwa watano. Kazi tuliyopewa ni kubuni kifaa kitakachomsaidia mtu wa kawaida nyumbani, tukabishana wiki nzima, mmoja anataka roboti, mwingine anataka geti linalofunguka lenyewe, mwisho tukakubaliana mashine ya kutotolea vifaranga kwa sababu mama wa mwenzetu anafuga Mbagala na kila siku analalamika kuku wake wanaacha kuatamia njiani. Tukachanga, tukaenda Kariakoo, tukanunua seti kwa sh. 90,000 baada ya kuombana sana na muuzaji aliyeanzia 120,000.

Ndani kuna nini: bodi ya Arduino aina ya Uno, bredibodi (ubao wa kuunganishia bila kuchomelea), waya za jampa za kuchomeka tu, taa za LED za rangi rangi, vipinga vya kupunguza umeme, servo ndogo ya bluu (mota inayogeuka kwa pembe unayoitaka), mota ya hatua (inayozunguka kidogo kidogo kwa hatua), rilei moja (swichi inayowashwa na bodi), sensa ya umbali, sensa ya joto na unyevu aina ya DHT11, skrini ndogo ya maandishi, betri ya volti 9 na kiunganishi chake. Pia kuna CD. Yaani CD kabisa mwaka huu, kati yetu watano hakuna mwenye laptopu yenye pa kuiweka, ikaishia kuwa kioo cha kujitazamia hosteli. Kitabu cha maelekezo kiko kwa Kiingereza ambacho nadhani hata aliyekiandika hakukielewa.

Bodi yenyewe sio orijino na muuzaji hakuficha, na hapa nisieleweke vibaya, sio wizi. Arduino ilianzia Ivrea kule Italia mwaka 2005 kwenye chuo cha usanifu, na lengo lilikuwa hasa wanafunzi wa kubuni vitu ambao hawakusomea elektroniki wapate bodi rahisi ya bei ndogo. Michoro yake iliachwa wazi tangu mwanzo, mtu yeyote ruksa kuitengeneza ilimradi asibandike jina na nembo yao. Ndo maana kuna kopi kibao na bei iko chini. Tofauti tuliyoiona ni moja tu, hizi kopi nyingi zinatumia chipu ya CH340 kuongea na kompyuta kwa hiyo ukichomeka USB laptopu inaweza isiione mpaka uweke drayva, yaani programu ya kuitambua. Tulipoteza jioni nzima tukidhani tumeuziwa mbovu, jamaa mmoja keshavaa viatu airudishe dukani, kumbe drayva tu ya dakika tano. Baada ya hapo bodi haijasumbua hata siku moja. Bodi naipa alama zote.

Sasa tuje kwenye DHT11, na hapa ndo nina hasira zangu.

Yai la kuku linataka joto la nyuzi 37.5 hivi kama boksi la kutotolea lina feni ya kuzungusha hewa, kwa siku 21. Likizidi kidogo tu kwa muda mrefu kiinitete kinakufa, likipungua vifaranga wanachelewa au wanatoka dhaifu. DHT11 kwa maelezo ya watengenezaji wake wenyewe inaruhusiwa kukosea mpaka nyuzi 2 juu au chini! Afu ya kwetu ilikuwa inasoma digrii nzima nzima, 36, 37, 38, hakuna katikati. Hilo lote limeandikwa kwenye karatasi yake ya vipimo ambayo iko bure mtandaoni na hakuna hata mmoja wetu aliyeisoma. Tuliona imo kwenye seti tukajua basi ndo yenyewe.

Kundi la kwanza la mayai 12 wala sio kosa la sensa, ni sisi. Mwenzetu aliagizwa mayai akanunua trei dukani. Siku ya saba tukayamulika kwa tochi ya simu gizani, meupe pee, hakuna mshipa hata mmoja. Tukampigia mama wa Mbagala, akacheka mpaka akakohoa. "Wanangu, hayo mayai ya kisasa, hao kuku jogoo wanamsikia kwa jirani tu." Aibu gani hii, watu watano wa chuo kikuu. Akatupa 12 ya kwake ya kienyeji.

Kundi la pili likaanza vizuri, siku ya saba mayai 9 yana mishipa inaonekana kabisa kama mizizi myekundu, tukapiga picha tukatuma kila mahali. Siku ya 14 tunamulika tena, mishipa imepotea, ndani kuna mduara wa damu tu. Yote 9. Skrini inasema 37 kama kawaida. Ndo mmoja akakumbuka kipimajoto cha homa cha kwao, tukakiweka katikati ya mayai, kikasoma 39.4. Wiki mbili tulikuwa tunayapika polepole huku skrini inatudanganya kwa utulivu.

Kwa hiyo ushauri wangu, ukinunua hii seti kwa projekti yoyote ambayo joto lina maana, DHT11 iache kwenye boksi. Sisi tulinunua sensa nyingine ya joto, DS18B20, ile yenye kichwa cha chuma na waya mrefu, yenyewe kosa lake ni nusu digrii na inasoma mpaka desimali, inataka kipinga kimoja cha kilo-ohm 4.7 tu kwenye waya wa data. DHT11 tulibakiza kwa ajili ya unyevu, kukadiria kama maji kwenye sahani yanatosha.

Na desimali zina faida nyingine. Mwanzoni rilei ya balbu ya kupashia joto ilikuwa inalia ta-ta-ta-ta-ta kwa sababu tuliiambia iwake chini ya 37 na izime ikifika, sasa joto likicheza hapo mpakani inawaka na kuzima kama kichaa. Tukaweka nafasi, iwake ikishuka 37.3, izime ikifika 37.7. Kimya. Waya wa umeme wa nyumbani unaoingia kwenye rilei tafadhali msiunge wenyewe kwa kuangalia video, ile ni volti 230 na vile viskrubu viko wazi, tuliomba fundi umeme wa hosteli akatufungia kwenye kiboksi kwa soda mbili.

Servo nayo ina mambo yake. Ukiipa umeme kutoka kwenye pini (tundu la kuchomekea waya) ya volti 5 ya bodi na ikapata kazi nzito kidogo, bodi nzima inajizima na kuwaka upya, unadhani programu ina tatizo unakesha unatafuta kosa ambalo halipo. Chukua chaja ya simu, iipe servo umeme wake peke yake, ila hasi zote ziunganishwe pamoja. Ile betri ya volti 9 sahau, inafaa kuwasha LED ukamwonyesha mdogo wako basi. Waya za jampa ni nzuri mezani lakini tulipanda bajaji kutoka hosteli kwenda chuo, matuta matatu tu zikachomoka karibu nusu na hakuna aliyekumbuka ipi ilikuwa wapi. Seti haina mita ya kupimia umeme wala kifaa cha kuchomelea kwa risasi, na hivyo viwili ndo vinahitajika hasa siku kama hiyo. Tulienda kwa kijana anayetengeneza simu pale njiani, akatuchomelea kila kitu kwenye ubao wenye matundu huku anasikiliza mpira redioni, hakutikisika hata mkono.

Nimesema watano lakini ukweli wiki sita za kwanza aliyegusa bodi ni mmoja. Kila grupu lina huyu mtu, yule anayejua programu, laptopu yake ndo ya projekti, ukisogea anasema subiri kwanza nimalizie hiki. Mimi kwa sababu ni msichana na mwandiko wangu mzuri nikapewa ripoti. Nikawa naandika "tuliunganisha sensa kwenye pini ya 2" na sijui pini ya 2 ikoje. Afu jamaa akapata msiba akasafiri Songea siku kumi, mayai yako ndani ya boksi, kundi la tatu, hayasubiri mtu. Nikafungua programu yake mwenyewe, sikuelewa kitu, nikafuta kipande, balbu ikawaka haizimi, nikachomoa waya ukutani mikono inatetemeka. Usiku wa pili nikajua huo mstari unafanya nini. Usiku wa nne ndo niliweka ile nafasi ya 37.3 na 37.7 niliyosema hapo juu, ni ya kwangu ile, aliporudi akauliza nani kagusa nikamwambia mimi, akasoma, akasema poa. Tangu hapo tukagawana kwa zamu, kila wiki mtu mwingine anashika laptopu na aliyekuwa nayo anaandika ripoti. Kama mwalimu wako hajaweka sheria hiyo iwekeni wenyewe, seti moja kwa watu watano bila zamu ni seti ya mtu mmoja.

Kitu kingine ambacho hakimo kwenye boksi lolote ni kugeuza mayai. Yanatakiwa yageuzwe mara kadhaa kwa siku mpaka siku ya 18, afu unayaacha. Sisi tulichora trei inayoinama upande huu na upande ule, mota ya hatua ikashindwa kuinyanyua hata ikiwa na mayai sita, inalia tu. Tukapeleka mchoro mtaa wa Gerezani kwa mzee mmoja anayekunja mabati, tunataka bawaba zipi sijui na mhimili gani. Tukamwamkia, akaipokea karatasi akaigeuza geuza. "Binti, yai ni duara?" Nikasema ndio mzee. "Sasa unalibebea nini? Lisukume, libiringike lenyewe." Akakata fremu nyepesi ya vyumba vyumba isiyo na sakafu, inakaa juu ya wavu, ikisogezwa sentimita chache kila yai linajiviringisha chumbani kwake. Ile servo ndogo ya bluu iliyokuwa inatutia aibu ikaisukuma bila shida. Elfu 8 alituchaji na mchoro wetu wa kompyuta wenye rangi nne akaufutia mkono wenye grisi. Kama unasoma ubunifu na hujawahi kusimama nusu saa kwenye banda la fundi wa bati, nenda kabla hujafungua laptopu.

Umeme ulikatika mara mbili kwenye kundi la tatu, mara moja saa tano nzima, tukazungushia chupa za maji ya moto ndani ya boksi na blanketi juu, mwenye zamu hakulala.

Siku ya kuwasilisha ilikuwa siku ya 20. Mashine inafanya kazi, namba ziko sawa, ila majaji wanaangalia boksi lenye mayai. Mmoja akauliza matokeo yako wapi, tukasema kesho. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, hatukujua nini, maksi zilikuja za wastani. Usiku ule saa nane ikasikika sauti ndogo "pyi" chini ya kitanda changu, mpaka asubuhi wametoka saba kati ya 12. Nilimtumia mwalimu video saa kumi na moja alfajiri, akajibu kwa emoji ya kifaranga.

Kwa hiyo seti, nyota tatu na nusu kati ya tano. Bodi, skrini na servo vinastahili hela. CD, betri na kitabu ni kujaza boksi. Ongezeni kama elfu 40 hivi ya mita, DS18B20 na kumlipa mtu wa kuchomelea, na hesabuni hiyo hela tangu siku ya kuchanga sio mkishakwama. Duka lenyewe lilikuwa poa, rilei ya kwanza ilikufa wiki ya pili wakatubadilishia bila maneno mengi, ila tunzeni risiti.

Vifaranga wako Mbagala kwa mama. Kati ya saba wanne ni majogoo, ameshatuambia mmoja ni wa kwetu tukifunga chuo, na mashine kagoma kuirudisha.