Browning Hi-Power kwenye baridi ya Mufindi: uzoefu wangu

Mimi nafanya biashara ya mbao hapa Mafinga, wilayani Mufindi. Nanunua misaindano, yaani miti ya paini, ikiwa bado imesimama, napasua, nauza. Wateja wa mbao wengi bado wanalipana mkononi, ndiyo maana nina leseni ya kumiliki bastola. Bastola yenyewe ni Browning Hi-Power ya zamani, yenye chuma cheusi cha kung'aa na vibao vya mti kwenye mpini. Ilikuwa ya marehemu mjomba wangu. Leseni ya silaha hairithiwi, kwa hiyo ilikaa polisi mpaka maombi yangu yalipopita. Wanaoniulizaga njia ya mkato, haipo.

Nianze na mpini, maana hapo ndipo bastola hii iliponipata. Magazini yake, yaani kile kikasha cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, inabeba risasi 13 za milimita 9, zimepangwa safu mbili zilizopishana. Kwa hesabu ya kawaida mpini ungekuwa mnene wa kumshinda mtu mwenye mkono mdogo kama wangu. Haukuwa. Vidole vinauzunguka, na cha shahada kinafika kwenye triga bila kuihamisha ngumi. Uwanjani kwenye shabaha nimeshika bastola mpya kadhaa za plastiki zenye magazini pana, na baadhi yake ni kama kushika kipande cha mbili kwa nne ambacho hakijapigwa randa.

Sifa za mpini huo watu humpa John Browning, mbunifu wa silaha wa Kimarekani, peke yake. Kweli kazi aliianza yeye, kwa ajili ya FN, kiwanda cha silaha cha Ubelgiji, baada ya jeshi la Ufaransa kutaka bastola yenye risasi nyingi. Lakini alifariki huko Ubelgiji, mjini Liège, mwaka 1926, kazi haijaisha. Aliyeimalizia ni Dieudonné Saive, mbunifu wa FN, na magazini ya safu mbili ni mkono wake. Hataza (haki za uvumbuzi) za Colt 1911, bastola ya Kimarekani, zilipokwisha muda mwaka 1928, Saive akawa huru kuchukua mambo mazuri ya bastola ile, ambayo nayo ilikuwa ya Browning. Wafaransa wenyewe hatimaye hawakuichukua. Wabelgiji wakaiingiza jeshini mwaka 1935. Vita vilipokuja, Wajerumani waliokuwa wameikalia Ubelgiji waliendelea kuitengeneza hapo hapo kiwandani, na kuanzia 1944 kiwanda cha Inglis kule Toronto, Kanada, kikawa kinawatengenezea washirika waliokuwa wakipigana na Ujerumani. Pande mbili zinapigana kwa bastola moja! Baadaye jeshi la Uingereza likakaa nayo mpaka lilipoanza kuhamia Glock, bastola ya plastiki, mwaka 2013.

Kwa mwendo, ni tulivu. Ni chuma kitupu, karibu kilo moja kabla hujaweka risasi, na uzito huo unameza msukumo wa mpigo. Ukifyatua, mdomo unanyanyuka kidogo na kurudi ulipokuwa. Lakini uzito huo huo ukiuvaa kiunoni kutwa nzima ukizunguka yadi, jioni mgongo unakudai.

Triga sasa. Hapa sitaitetea. Ni nzito na ina mkwaruzo fulani, unaivuta huku huna uhakika itaachia wapi. Sababu ni mbili. Kwanza, nguvu ya kidole haiendi moja kwa moja; inapandishwa juu, inapita kwenye kijiti kilichofichwa ndani ya slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua), ndipo ishuke kuiachia nyundo. Pili, kuna kizuizi kinachogusana na magazini: ukichomoa magazini, bastola haifyatuki hata kama risasi imebaki chemba, yaani pale inapokaa tayari kupigwa. Kizuizi hicho kinasugua kila unapovuta, na ndicho pia kinachofanya magazini isidondoke yenyewe ukibonyeza kitufe, mpaka uivute kwa mkono. Fundi mmoja aliniambia tukitoe, triga italainika. Ni kweli italainika. Nikamwambia kiache. Nyumbani kwangu kuna watoto, na ingawa silaha inakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, sioni sababu ya kupunguza hata kinga moja ili nipate triga tamu.

Kinga ya kidole gumba, yaani sefti, kwenye toleo langu la zamani ni kidogo mno na iko upande wa kushoto tu. Vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi ya Julai, kuisukuma ni kazi. Matoleo ya baadaye, Mark II na Mark III, yalirekebisha hilo kwa kuweka kubwa zaidi, pande zote mbili. Yalirekebisha pia njia ya risasi kuingia chemba. Yangu inataka risasi za kijeshi zenye ncha ya mviringo. Ukiipa zenye ncha iliyotobolewa inakwama. Na wenye mikono minene wajue nyundo ikirudi nyuma inabana nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada. Mimi hainifikii.

Adui yake mkubwa huku kwetu ni ukungu. Mwenye Hi-Power pale Usangu kwenye joto hatanielewa. Mufindi nguo zinashinda kwenye kamba bila kukauka, na chuma cheusi kile cha kung'arishwa kinaota kutu haraka, hasa ukikiacha ndani ya mfuko wa ngozi. Ngozi inanyonya unyevu na kuukumbatisha kwenye chuma. Mfuko ni wa kuvalia tu. Ukifika nyumbani unaitoa, unachomoa magazini, unakagua chemba kwa macho na kwa kidole, ndipo uifungue: slaidi nyuma, sefti inaingia kwenye pengo lake la pili na kuishikilia, unasukuma pini ya pembeni kutoka kulia, unaachia, slaidi inatoka mbele. Vipande vikubwa vinalala kwenye kitambaa. Chini ya mtutu utaona nundu ya chuma iliyochongwa pamoja nao. Ndiyo inayoushusha mtutu baada ya mlio, badala ya kile kiungo kinachochezacheza cha 1911. Huwa naiangalia sana nundu ile. Haijachakaa. Mafuta unapaka mepesi, kwa kitambaa, maana ukiyamwaga yanakusanya vumbi la mbao na kugeuka uji. (Na kwenye kilabu cha ulanzi bastola haiendi, hata ikiwa safi namna gani.)

Kinachonipa mawazo ni vipuri. FN walisimamisha utengenezaji wa ile ya zamani miaka ya karibuni, na mwaka 2022 wakatoa nyingine yenye jina hilo hilo, ya risasi 17, isiyo na kile kizuizi cha magazini. Vifaa vyake haviingiliani na vya yangu, magazini zikiwemo. Kwa hiyo zile mbili nilizonazo nazipokezana, moja kazini, nyingine tupu kabatini springi ikipumzika, na nikisikia kuna mwenye leseni anauza ya zamani isiyo na kutu, nampigia siku hiyo hiyo.