Nyumba Naipa, Watu Siwapi: Boksi la Diorama la 1/72

Asalaam alaykum jamani, karibuni tena. Leo salamu fupi, maana nimekasirika. Hebu tazameni hapa, namsogeza karibu na kamera. Huyu bwana, sanamu ndogo ya plastiki kutoka boksi la leo, jana usiku nilimpaka rangi mwili mzima: koti la buluu, suruali ya kijivu, na masharubu nikamtia. Kalala hapo mpaka asubuhi anakauka. Sasa natia ukucha begani, kidogo tu... mnaona? Koti lote linabambuka kama utando wa maziwa! Na rangi msiisingizie. Hii ni akriliki ya Vallejo, nimeizoea, mie na yeye hatuna ugomvi. Mwenye kosa ni huyu huyu bwana.

Haya, kwa walioingia sasa hivi. Boksi hili la diorama, yaani mandhari ndogo ya kuunganisha na kupaka rangi mwenyewe, lina nyumba mbili za mtaa wa Ulaya, kipande cha njia ya mawe na watu wa kuwasimamisha mitaani. Idadi ya vipande imeandikwa ubavuni, someni wenyewe. Jina la kampuni silitaji, anayetaka ugomvi akautafute kwengine. Mnachohitaji kujua ni kipimo, 1/72, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 72: mtu wa sentimita 170 anakuwa milimita 24 hivi, na mlango wa mita mbili na nusu unakuwa sentimita tatu na nusu. Nyinyi mliozoea vifaru vya 1/35 vya Tamiya, mtu huyo huyo kwenu anafika karibu milimita 49. Kwa hiyo humu tayarisheni macho, na taa nzuri.

Sasa kwa nini rangi inabambuka? Nyumba zimetolewa kwa plastiki ngumu, polistirini. Nikikata kipande kwenye fremu inayoshikilia vipande, sikilizeni... tak! Kavu. Watu wao wametolewa kwa plastiki laini, polithini, jamii moja na mifuko iliyopigwa marufuku. Namkunja mkono huyu mama mwenye kikapu, unakunjika, nauachia, unarudi. Rangi ikishakauka haitaki kukunjwa namna hiyo. Halafu uso wa plastiki hii unateleza, rangi inaukalia juu juu tu. Juu ya yote hayo kuna mafuta ya kiwandani, yale wanayopaka kwenye kalibu ili sanamu itoke bila kung'ang'ania. Na karatasi ya maelekezo inasema nini? Hebu nigeuze... "Paka rangi." Basi! Picha ya brashi na picha ya mtu anatabasamu.

Namna ya kuwatengeneza, fuateni mikono yangu. Bakuli la maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo tone moja, mswaki wa zamani. Unamsugua kila mahali, kwapani, chini ya kofia, katikati ya miguu, usione haya. Unamsuuza, unamwacha akauke, na kuanzia hapo usimshike kwa vidole, mbandike juu ya kizibo cha chupa. Kisha gundi nyeupe ya mbao, ile ile ya mafundi seremala, unaizimua kwa maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa ya dukani... samahani, nimeshataja maziwa tena, sijanywa chai. Unampaka mara moja, nyembamba. Ikikauka inakuwa ngozi inayonyumbuka, na rangi inapata pa kushika. Huyu hapa nimemfanyia hivyo. Namkunja mkono. Tena. Natia ukucha. Hakuna kitu! Kiwiko pale kimepata mstari mwembamba, sikatai, lakini koti limebaki mwilini.

Yule mwenye mwavuli uliopinda, mtumbukize kwenye maji ya moto, mnyooshe, halafu mara moja kwenye maji baridi. Atatulia. Na msihangaike kuwagandisha kwa gundi ya plastiki ngumu. Gundi ile kazi yake ni kuyeyusha pande mbili zishikane, na polithini haiyeyuki nayo. Hata supagluu peke yake haiishiki vizuri, itangulizieni praima yake ya plastiki laini.

Swali langu ni moja: kwa bei hii, kwa nini kazi hiyo niifanye mie? Boksi limenifikia kwa elfu themanini na tano, hapo sijaweka nauli ya mzigo kutoka Dar mpaka bandarini Malindi, hapa Unguja. Kwa pesa hizo nataka watu wa plastiki ngumu, kama nyumba. Kuna wanaotoa watu kwa mashine za kuchapa sanamu za 3D, kwa resini, uso una mpaka kope. Lakini wale ukimwangusha mmoja sakafuni, mguu umekwenda. Huyu wangu nimemkanyaga, kainuka. Haya, hapo nampa alama moja.

Tuje kwenye nyumba, maana hapa hasira inapungua. Angalieni ukuta huu. Plasta imechongwa imebanduka, chini yake matofali yanaonekana. Kazi safi kabisa. Kosa lake ni kwamba mie sijengi Ulaya, najenga kichochoro cha Mji Mkongwe, na kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Mji umo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na boksi lake dukani bado sijaliona hata moja, kwa hiyo tunageuza nyumba za watu. Unga wa jipsamu, gundi nyeupe, maji kidogo, unapata uji mzito. Unaugonga gonga juu ya matofali kwa kipande cha sponji mpaka yafutike. Usilainishe! Ukuta wetu hauna uso laini.

Rangi ya kwanza msitie nyeupe tupu. Kitu kidogo kikiwa cheupe sana kinaonekana cha kuchezea. Changanyeni na kahawia chembe na manjano chembe. Halafu ndiyo starehe yangu: nyeusi na kahawia, zimua kwa maji mengi, brashi nyembamba, unaanzia chini ya dirisha na unaiacha ishuke yenyewe. Tazameni inavyoteremka... inaingia kwenye nyufa, inaacha mstari. Mkiupita ukuta wowote Mkunazini baada ya masika mtauona mstari huu huu. Ikikauka, chukua brashi nyingine, rangi ya mwanga, ifute kwenye tishu mpaka uone haina kitu, kisha pitisha juu juu kwenye kingo. Umeona mawe yanavyotokeza? Wallahi hapa ningeweza kukaa mpaka alfajiri.

Fremu za madirisha nene mno, nimezitupa. Bati la paa ni sahani ya foili ya chakula cha kubeba, nimeikwaruza mistari kwa kalamu iliyokwisha wino. Tuendelee.

Wengi mnaniandikia, "Fundi, kwa nini usijenge Beit el-Ajaib?" Jumba lile la Sayyid Barghash, la 1883, lina nguzo za chuma na roshani pande zote, na upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara tarehe 25 Desemba 2020. Nijenge la kabla au la baada? Mkishakubaliana wenyewe kwa wenyewe niambieni. Kwa sasa nakaa na kichochoro changu cha sentimita tatu.

Watu nao lazima wavae. Chukua tishu, itenganishe ubaki na karatasi moja, ichovye kwenye gundi iliyozimuliwa, mzungushie bwana kuanzia mabegani. Ikikauka inakaza, umepata kanzu yenye mikunjo yake. Mama mwenye kikapu nimemfanyia buibui hivyo hivyo, na si nyeusi tupu, ni kijivu iliyokolea yenye buluu kwa mbali. Mtazameni pembeni ya baraza... Sasa nikisema kweli, kasimama vizuri. Aliyemchonga anajua namna mtu anavyoegemea upande akibeba mzigo. Ningempata huyu mmoja kwa plastiki ngumu, ningenunua maboksi mawili.

Kwa hiyo ninunue nisinunue? Likishuka mpaka elfu hamsini, nunueni kwa ajili ya nyumba, watu muwahesabu kama zawadi. Kwa themanini na tano, subirini.

Habari za chaneli: mchana sirekodi tena, jirani anajenga na nyundo haipumziki, kwa hiyo video zitapanda usiku. Wiki ijayo ni mlango. Nitauchonga kwa kijiti cha meno, na misumari ya shaba itakuwa ni nukta za rangi. Semeni hapo chini mnautaka wa tao juu, mtindo wa Kihindi, au ule wa mraba wa Kiarabu. Chaguo moja tu. Watu wa Wete nawajua, mtasema yote mawili.