Mafunzo ya kuwaepuka matapeli chuoni: yanafaa, ila muda hautoshi

Nimehudhuria mafunzo haya ya ofisi ya wanafunzi, na kila wa mwaka wa kwanza ayawahi. Mwezeshaji hakutuhubiria. Alituonyesha tangazo la chumba cha kupanga: picha za kuvutia, kodi ya chini mno, mwenye nyumba eti yuko safarini na anataka amana kabla hujaona hata mlango. Tukalichambua mstari kwa mstari. Ikafuata barua pepe ya ufadhili inayodai ada ya usajili. Anwani ya mtumaji iliizidi ile halisi kwa herufi moja tu! Kilichoniuma ni kwamba “kazi” ya kupokea pesa za watu kwenye akaunti yako na kuzituma kwingine iliguswa juujuu, ilhali mwanafunzi anaweza kushtakiwa kwa utakatishaji fedha, yaani kuzifanya pesa za uhalifu zionekane halali. Hapo waongeze muda.